Kope

Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kidogo: RAIA.
Nimekitia alama ya vema kwa kalamu ya kukopa,
nje ya geti, karatasi nimeilaza juu ya tangi la bodaboda
ya kijana asiyenidai kitu ila jina.
Nyemo, nikamwambia. Nyemo Chiwanga, wa Handali.
"Unaomba kupika?"
"Kurusha ndege."
Akacheka. Halafu akaona sicheki.

Ndani tulikuwa thelathini na kitu, bahasha za kaki magotini:
cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita,
barua ya mtendaji yenye muhuri uliopinda.
Wenye baba wa magwanda walijua namna ya kukaa,
mgongo usiguse kiti.
Baba yangu alisaga uwele wa watu kwa mashine ya dizeli,
akanifundisha kusikia kwa kifua
mkanda unavyolia kabla haujakatika.
Hilo halikuwa na kisanduku.

Wakapima kimo. Wakahesabu meno kama ya mbuzi wa mnadani.
Kisha mlango wa mwisho, chumba cha macho.

Hapa nisimame kidogo, nieleze habari ya kope.

Kwetu maji yalikuwa ya kunywa kwanza,
ya ndama pili, uso ungoje masika.
Nzi waliyajua macho yetu kwa majina.
Bibi yangu kope zilimgeuka zikaelekea ndani,
akipepesa ni mwiba, akilala ni mwiba,
na mimi tangu miaka sita kazi yangu ya Jumamosi
ni kumlaza kichwa mapajani, kibano mkononi,
nizing'oe moja moja kwenye mwanga wa mlangoni.
"Ukitetemeka nakuzaba kofi," anasema.
Sikutetemeka.
Ila siku moja ilipita ndege, ya kijani, chini chini,
vumbi la uani likainuka kuitazama, nami nikainuka nalo.
"Mbona umeacha?"
"Ndege, bibi."
"Ikishapita, rudi kwenye kope."

Daktari alikuwa kapteni, kijana, vidole vya baridi.
Herufi nilizisoma hadi mstari wa mwisho,
nikasoma na jina la kiwanda chini ya ubao.
Namba zilizojificha ndani ya vitone vya rangi
nikazichomoa moja moja. Mkono ulikwisha zoea.
Kisha akanipindua kope ya juu kwa kijiti cha pamba
akakaa kimya.
"Uliwahi kuumwa macho utotoni?"
Uongo ulikuwa karibu, ungefika bila nauli.
"Wote tuliumwa. Mwalimu alitupaka dawa ya tyubu,
foleni toka ofisini hadi jikoni kwa uji."
"Kuna kovu. Dogo."
Akaandika. Mstari ulikuwa mrefu kuliko neno kovu.
Nikaukodolea macho, sikuuweza:
mwandiko wake ndio ubao pekee ulionishinda siku ile.
"Utapigiwa simu."

Leo wiki ya tano.
Simu iko dirishani, juu ya kopo la chumvi,
ndipo mtandao unapofika ukijisikia.
Bibi hajauliza habari za ndege. Ameuliza mara moja tu,
"Wamekukuta na nini?"
"Kovu."
"Langu?"
"Langu mwenyewe, bibi."
Akatafuna hilo muda mrefu, kama mfupa wa mbuzi.
Halafu: "Lete kibano."

Mlango wazi. Jua la saa nne limelala usoni mwake.
Upande wa Dodoma injini inakuja, haijaonekana,
mbili, za pangaboi, ya kushoto inakohoa kidogo;
mtu aiambie.
Siinui kichwa.
Kope ya tatu kutoka pembeni, nyeupe, nyembamba,
imejikunja kuelekea mboni.
Nimeishika.